Mayai ya Mama Ndani ya Friji Mbovu

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimepata akili. Nilikuwa chooni, sikuitafuta, imekuja yenyewe.

Hali ni hii. Kuku wa Mama wamekwisha. Marehemu aliacha uwanja mzima wa kuku wekundu, miguu ya manjano, hapa kisiwani ʻEua hakuna mwingine mwenye kuku wa namna ile. Siku zake za mwisho alinishika mkono akaniambia nimtunzie Kalolaine kuku wake. Kalolaine ni dada yangu, anaishi Auckland. Kila anapopiga simu huzungumza na mke wangu Seini, na kila mara huuliza kuku wa Mama hawajambo? Mimi hukaa kando nikimnong'oneza Seini amwambie wamejaa hadi wanatukera. Kweli yenyewe ni kwamba mbwa wa jirani yangu Motekiai wamekula wengine, na wengine nimewapeleka mimi kwenye karamu za kanisa ili nami nionekane mtu. Amebaki tetea mmoja na jogoo mmoja aliyezeeka.

Na dada anakuja! Mwisho wa mwezi huu tunavua nguo nyeusi za msiba. Akikuta uwanja mtupu, mimi nimekwisha. Kwetu Tonga dada ni dada, hata kusemeshana naye moja kwa moja ni mwiko. Watoto wangu ni wake kabla ya kuwa wangu. Hatanitukana, kwa sababu dada hamtukani kaka. Ataniangalia tu. Siwezi kuangaliwa vile.

Kwa hiyo: mashine! Tetea ametaga mayai kumi na manne, nimeyakusanya kwenye bakuli. Nimechukua friji yetu mbovu, nikaweka balbu ndani, karai la maji, na kipimajoto cha homa cha watoto. Friji ina mlango, mbwa hafungui. Nimeiweka chumbani kwa Mama, hakuna anayelala humo tangu mazishi. Juu yake nimetandika mkeka mzuri na picha ya Mama, mtu akiingia aone kabati.

Seini kaniuliza kwa nini nisimwache tetea ayaatamie mwenyewe, si ndiyo kazi yake. Nikamweleza kwa subira: tetea akiatamia haatagi. Mashine iatamie, yeye aendelee kutaga. Faida mara mbili! Seini akasema haya, bwana wee, akaenda zake kusuka mikeka.

Motekiai naye alikuwa ameegemea ua, masikio wazi. Akasema ana kuku wake anayetaka kuatamia, nimpe mayai amsaidie. Kuku wa Mama waanguliwe kwa Motekiai? Mzee wa kanisa aliyenishtaki kwa Mchungaji eti nimeanika wavu Jumapili? Nikamwambia asante sana jirani, sina shida.

Jumatano, 5 Juni

Nimefanya hesabu. Balbu moja inaangua kwa wiki tatu. Balbu mbili je?

Nimeweka ya pili saa nne asubuhi. Nikaenda shambani kupalilia magimbi, moyo mweupe kabisa. Niliporudi, Seini alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha Mama, kipimajoto mkononi. Zebaki imepanda mpaka mwisho wa mstari, ingekuwa mtoto tungekuwa tumeshamzika. Ndani kuna harufu kama ya mtu aliyepika yai akalisahau.

Seini kaniuliza: alipokuwa na mimba ya mtoto wetu Lesieli, je, ningemtia kwenye tanuri la ardhini angezaa kwa miezi minne? Maswali mengine mtu hujibu kwa kutoka nje.

Balbu ya pili nimeitoa. Mayai bado ni mayai kwa kuyatazama. Nadhani hayakuhisi.

Jumapili, 9 Juni

Siku ya Bwana. Hakuna kazi. Hakuna kufua, kulima, kuvua, wala kukimbia barabarani.

Nimewaza sana usiku. Kugeuza mayai ni kazi au si kazi? Mkono unakwenda, yai linazunguka. Ni kazi! Na Motekiai yuko pale uani na macho yake. Mwaka jana ni wavu, mwaka huu yatakuwa mayai. Nikaamua nimshinde kwa utakatifu. Nimefunga mlango wa chumba, ufunguo nikautia mfukoni, nikaenda ibada ya alfajiri, ya asubuhi na ya jioni, zote tatu. Sikugeuza. Sikuongeza maji. Nilikaa mbele kabisa, nikaimba hadi koo likakauka.

Tuliporudi jioni Seini akaniambia kuku akiwa ametulia juu ya mayai yake huyageuza kutwa, Jumapili na Jumatatu kwake ni mamoja, na hajawahi kuonekana kanisani. Akasema kitu cha ndani kisipogeuzwa kinagandamana na ganda. Nikamwambia Mungu hawezi kuua kitu kwa sababu kimeheshimu siku yake. Akaniambia: Mungu hayumo, ni wewe.

Maji karaini yamekauka. Nimejaza pomoni.

Jumanne, 11 Juni

Leo nimeyamulika mayai kwa tochi ya simu, moja moja, mapazia yamefungwa.

Mungu wangu. Ndani kuna mishipa! Myembamba, inakwenda huku na huku kama mizizi. Na katikati kitu cheusi kidogo, na hicho kitu kinadunda. Nikakaa kitandani kwa Mama, yai mkononi, machozi yananitoka nisijue kwa nini. Nikamwambia, Mama, ona, hawa ni wako.

Mengine hayadundi. Yana pete ya damu, duara tupu, na kati hamna kitu. Seini akatazama begani kwangu akasema hao wamekufa, joto limewaua, niyatoe yasije yakaoza na kuchafua wenzao. Nikasema labda wamelala. Akasema Feleti, hakuna anayelala hivyo. Nikayarudisha yote. Mimi ndiye nitakayewahesabu wafu wa Mama? Siwezi.

Alhamisi, 13 Juni

Ushindi mkubwa!

Ilikuwa zamu ya mtaa wetu kumlisha Mchungaji. Motekiai alitangaza tangu juzi kwamba yeye ataleta nyama ya makopo, makopo makubwa. Watu wakaguna kwa kumstahi. Nami sina kitu. Nikatoka nje, nikamwona tetea wa Mama, ambaye hajataga tena tangu nimnyang'anye mayai, anachakura chini ya mpapai. Nikajiuliza: mtu mwenye mayai kumi na manne ana haja gani na kuku?

Alipikwa kwa tui la nazi. Mchungaji alikula paja, akasema hajapata kuonja kuku mtamu hivi, akanitaja katika sala kwa jina. Kwa jina! Motekiai alitafuna kopo lake kimya.

Nilipofika nyumbani Seini akauliza manyoya mekundu yale nyuma ya jiko ni ya nani. Nikamwambia. Alikaa chini palepale jikoni. Hakupiga kelele, ningependa apige. Akasema tu: kwa hiyo sasa yamebaki hayo ya kwenye friji, basi, duniani kote. Nikasema ndiyo, na yako salama.

Amehamia kulala na watoto.

Jumamosi, 15 Juni

Balaa. Balaa kubwa.

Kalolaine amekuja leo! Eti kapata nafasi ya meli mapema, alitaka kutufurahisha. Nilikuwa nimekaa nje bila shati, nikaona teksi, nikaona sanduku, nikaona dada yangu na mkeka wake wa msiba kiunoni. Akalia, nami nikalia. Halafu kabla sijapangusa pua, wanawake wameshambebea sanduku lake hadi chumbani kwa Mama. Ndiyo, wangempeleka wapi kwingine? Binti wa marehemu.

Sanduku likavuka mlango. Basi, imekwisha. Chumba ni cha dada. Kaka haingii chumbani mwa dada yake, hata akiwa hayumo, hata nyumba ikiwaka moto nadhani ningebisha hodi kwanza. Nimesimama ukumbini, hatua tatu kutoka kwenye friji, na ningekuwa Auckland ingekuwa ni sawa.

Chakulani akauliza, akimwelekea Seini, kuku wa Mama wako wapi mbona uwanja kimya. Nikajibu upesi kwamba wako shambani, nimewapeleka wakale wadudu, watarudi karibu na siku yenyewe. Dada akatikisa kichwa taratibu. Seini alikuwa anatazama sahani yake kama anasoma gazeti.

Jumapili, 16 Juni

Nimempigia Seini magoti nyuma ya jiko aingie ageuze mayai. Anasema ataingia chumbani mwa wifi yake kila saa kwa kisingizio gani? Nikasema afagie. Akasema leo ni Jumapili.

Baadaye akaja kunong'ona kwamba yamegeuzwa, nisiulize. Nilitaka kumbusu, akanipita.

Jumatatu, 17 Juni

Heri nisingezaliwa.

Nilifikiri hivi: kilichokatazwa ni mguu. Hakuna aliyewahi kusema fimbo. Dada alikuwa amekwenda kuoga. Nikachukua fimbo ya kuchumia mapapai, nikafunga kijiko mwishoni, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikapanda ndoo. Vioo vya dirisha la Mama ni vile vya vipande, vinafunguka kidogo. Nikapenyeza fimbo. Mlango wa friji nikaufungua kwa kijiko, mara ya kwanza tu! Nikaanza kugeuza. Yai la kwanza likageuka. La pili likaanguka chini, pwaa. La tatu likalifuata.

Hapo nikasikia sauti. Motekiai. Sauti yake ya kusomea matangazo ya kanisa.

"Feleti! Unachungulia nini dirishani kwa dada yako?"

Ndoo ikapinduka. Nikaanguka kwenye migomba, fimbo imebaki dirishani inaning'inia. Watu wakatoka nyumba nne. Nikasema panya! Kuna panya! Motekiai akauliza panya anawindwa na kijiko siku hizi? Wakacheka, halafu wakakumbuka ni dirisha la nani, wakaacha kucheka. Huko kuacha kucheka ndiko kulikoniua. Mke wa Motekiai aliwageuza watoto wake nyuso wasinione.

Jioni sikwenda kunywa kava, kinywaji chetu cha mizizi, na wanaume wenzangu. Hakuna aliyekuja kuniita.

Jumatano, 19 Juni

Dada hatoki chumbani. Seini anasema amegeuza, amegeuza, niache kumsumbua. Simwamini. Sura yake ni ya mtu anayeficha kitu. Nataka aingie akae humo saa nzima, amulike moja moja, aniambie nani yu hai. Kwa hiyo lazima dada atoke.

Mbinu: nikazima umeme wa nyumba nzima. Baridi ya Juni, mawingu, chumba giza. Nikasema atatoka tu, ataenda kukaa kwa shangazi kwenye mwanga, anywe chai ya moto. Nikajificha nyuma ya tangi la maji nikisubiri.

Hakutoka. Akamwita Seini, akasema tumbo linamuuma, apewe blanketi na chupa ya maji ya moto, asisumbuliwe. Nikakaa nyuma ya tangi nikimwonea huruma dada yangu na tumbo lake. Ikapita saa moja. Ikapita ya pili. Nikaanza kuota kuhusu vifaranga chini ya balbu yao.

Balbu.

Nilikimbia mpaka kiatu kikachomoka. Nikawasha umeme. Nikaketi barazani na kichwa mikononi. Seini akaja, akaniuliza kama ni mimi niliyezima. Nikasema shirika la umeme. Akaniambia shirika la umeme limevaa kiatu kimoja.

Sasa wamekufa kwa baridi. Waliopona moto wamekufa kwa baridi. Sijawahi kumchukia mtu kama ninavyojichukia leo.

Ijumaa, 21 Juni

Jamaa wamekuja kupanga shughuli ya Jumatano, ya kuvua nguo nyeusi. Nguruwe wangapi, viazi vikuu vingapi, mikeka ya nani. Tulikaa ukumbini na bakuli la kava. Dada alikuwa chumbani na shangazi, mlango wazi, pazia tu.

Motekiai hakumwona. Namtetea hapo, hakumwona. Akanigeukia mbele ya wote akasema kwa sauti kwamba jirani, umetegemea friji, lakini je, yule jogoo wako mzee alikuwa bado ana nguvu? Maana yeye hajapata kumwona akimpanda yule tetea hata siku moja, labda alikuwa anamsimulia tu habari.

Mbele ya kaka na dada! Neno kama hilo! Mjomba alikohoa hadi akamwaga kava. Nikasimama, nikatoka nje moja kwa moja, wanaume wengine watatu wakatoka nyuma yangu maana nao wana adabu. Motekiai alipoambiwa aligeuka rangi ya jivu. Atalazimika kuleta nguruwe wa kuomba radhi. Kwa dakika moja nilifurahi.

Halafu nikaelewa. Kataja friji. Dada kasikia friji.

Nimekaa chini ya mpapai nikingoja mwito. Haukuja. Chakulani dada alinipitishia viazi kwa mkono wa Seini, kama kawaida, akauliza kama nimeshiba. Naogopa zaidi.

Jumatatu, 24 Juni

Seini kaja mbio shambani! Seini hakimbii. Nikadhani kafa mtu.

Yai moja limetoboka! Tundu dogo kama punje ya mchele, na ndani kuna mdomo, na mdomo unalia. Yuko hai. Kapita katika balbu mbili, Jumapili, fimbo, giza, na yuko hai! Nililala kifudifudi kwenye magimbi nikalia kwa sauti. Mama hajafa kabisa.

Nikamwuliza mengine. Akasema mengine kimya.

Haidhuru. Mmoja tu. Jumatano mbele ya jamaa wote nitasimama na kifaranga mwekundu wa Mama kiganjani. Nani atakumbuka ndoo? Nani atakumbuka tetea? Nimeshaandaa na maneno ya kusema.

Jumanne, 25 Juni

Andika, Feleti. Andika hivyo hivyo.

Asubuhi tundu lilikuwa vilevile. Tangu jana mchana, tundu moja, hajaongeza. Seini akasema mwache, anapumzika, anavuta damu na kiini viingie tumboni, akimaliza atatoka mwenyewe, mama yake Seini alikuwa akiwapiga makofi watoto waliogusa yai lililotoboka. Nikasema sawa.

Lakini kesho ndiyo shughuli! Asipotoka leo, kesho nitasimama na nini, na yai?

Dada na wanawake walikwenda makaburini kufagia na kumwaga mchanga mweupe. Nikamwambia Seini: mimi ni mwana wa Mama, na hata kwa macho yangu sijamwona. Niletee nimtazame dakika moja tu. Sikuwa namdanganya. Wakati nasema nilikuwa namaanisha. Akanionea huruma. Akamtoa kwenye friji ndani ya bakuli, amemfunika kitambaa chenye unyevu, akaniwekea barazani, akasema dakika moja, akakimbilia jikoni maziwa yanachemka.

Kifaranga alikuwa analia taratibu. Nikamjibu. Alinyamaza, akalia tena. Nikaona kipande kidogo cha ganda kimelegea pembeni ya mdomo wake. Nikasema nimtolee hicho tu apate hewa. Kikatoka vizuri. Nikatoa kingine. Ngozi nyeupe ya ndani ilikuwa imekauka, imembana, nikasema masikini, ndiyo maana hawezi, nikaipasua kwa ukucha.

Damu ikatoka. Nikasema nimalize upesi. Nikambandua ganda lote.

Alikuwa kiganjani mwangu, amelowa, mdogo, na tumboni kiini kilikuwa bado kiko nje kinaning'inia. Alikuwa mwekundu. Alinyoosha shingo mara moja. Nilimpulizia pumzi. Nikamwambia tafadhali. Nikamwambia tafadhali baba.

Sauti za wanawake zikasikika barabarani. Nikamtia mfukoni.

Dada aliingia uwanjani akicheka. Tangu aje hajacheka. Mchanga umejaa miguuni. Akamwita Seini kwa sauti, ili nami nisikie maana mimi hawezi kuniuliza moja kwa moja: "Wifi! Mgeni wetu wa kwenye friji ameshatoka?"

Wetu.

Seini akatoka jikoni, akatazama bakuli, akanitazama mimi na mkono wangu mfukoni. Akaufuata, akautoa polepole, akaufungua.

Kalolaine alikaa chini mchangani na nguo zake nyeusi, akajifunika uso kwa mkeka wake. Angenitukana ningepona.

Jumatano, 26 Juni

Tumevua nguo nyeusi. Watu wamekula. Nguruwe wa Motekiai alikuwa mkubwa kuliko wangu. Sikusema maneno niliyoandaa.

Kabla ya alfajiri, dada na Seini walipasua mayai yaliyobaki nyuma ya jiko, juu ya jani la mgomba. Mimi nilikaa upande wa pili wa ukuta. Seini ndiye aliyekuwa akinipitishia habari, kwa utaratibu wetu. Haya yamekufa mapema, pete ya damu tu. Nikajua, ni Jumatano ya balbu. Haya yamekua kiasi, yamegandamana upande mmoja. Jumapili. Huyu amekamilika, manyoya mekundu, macho, kila kitu, ila ndani amejaa maji. Ni pale nilipojaza karai pomoni. Kila moja nililitambua, hakuna hata moja lililokuwa la mbwa wa Motekiai.

Nikauliza kupitia ukutani, yule mmoja je, alipona vipi?

Seini akaniambia. Dada aliiona friji usiku wa kwanza tu, alipokuwa anahamisha picha ya Mama. Akamkataza Seini asiniambie, nisije nikaaibika. Yeye ndiye aliyekuwa akigeuza, kila baada ya sala, Jumapili pia. Siku ya giza aliyakusanya yote akayafunga tumboni kwa blanketi na chupa ya maji ya moto, akalala chali hajigeuzi mpaka umeme ukarudi. Dada yangu aliatamia.

Upande wa pili wa ukuta nilimsikia anapangusa pua. Nilitaka kumwambia nisamehe. Nikaweka kiganja ukutani. Sijui kama aliona.

Kifaranga, dada amemzika miguuni mwa Mama, kwenye mchanga mweupe.

Jumamosi, 29 Juni

Kalolaine ameondoka na meli. Bandarini aliwashika watoto wangu kwa muda mrefu. Mimi alinipa mkono, macho chini, nami macho chini. Akamwachia Seini ujumbe.

Ujumbe ni huu: amepiga simu kisiwa cha Niuatoputapu, kwa binamu yake Mama, mzee mmoja aitwaye Salote. Naye anao! Kuku walewale, wekundu, miguu ya manjano, mbegu moja na wa Mama. Wachache, na yeye mwenyewe ni mgonjwa, wanawe wanawachinja. Atatuma mayai kwa ndege, yamefungwa kwenye maranda, kwa jina la Seini. Ni mara moja tu, hatakuwa na mengine. Yawekwe chini ya yule kuku wa Motekiai. Na Feleti asiyaguse.

Nimekubali kwa moyo wote. Nimelia, nikaapa mbele ya picha ya Mama, Seini akishuhudia. Dada amenipa nafasi ya pili, na mimi ni nani. Sitagusa. Nimetupa balbu.

Jumanne, 9 Julai

Mayai yamefika! Mazuri ajabu, hakuna hata moja lililopasuka.

Seini ana homa, hawezi kuinuka, kwa hiyo nimekwenda mimi uwanja wa ndege. Njiani nimefikiri kwa utulivu, bila papara, kama mtu aliyepitia mengi. Kumpelekea Motekiai, hapana. Yule mtu alisema neno mbele ya dada yangu, sasa nimpelekee kuku wa Mama alelewe kwake, halafu aje aniambie uani kila siku kwamba ni yeye aliyewafufua? Dada hakulifikiria hilo. Ningekuwa naweza kuzungumza naye angenielewa.

Kuku wa Motekiai nimempa mayai ya dukani. Hajui tofauti, wala Motekiai. Haya ya kweli yako kwenye friji. Nimenunua balbu mpya. Moja tu! Maji kiasi. Ufunguo wa chumba ninao mimi.

Na kosa la safari ile nimeshalijua, limenijia leo nikiwa chooni. Nilichelewa. Yule mtoto alihangaika na ganda tangu Jumatatu mchana mpaka Jumanne, peke yake, akachoka, nilipomfikia alikuwa hana nguvu tena. Safari hii sitamwacha hata mmoja ateseke. Nitawabandua wote mapema, siku moja kabla.